Mtoto wa Kike, Mtoto wa Kiume na Shule katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na majumba ya makumbusho peke yake. Unakaa pia katika namna watu wanavyogawana kazi za nyumbani, wanavyoamua nani alale mapema na nani atoke usiku, na wanavyomsifu mtoto mmoja kwa jambo lile lile wanalomkemea mwenziwe. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuufahamu utamaduni wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Kalya upande wa kusini, haitoshi ahudhurie ngoma za Ujiji na kuhesabu mitumbwi ya Kibirizi. Hana budi afungue pia daftari la mahudhurio la shule, asome nani yupo na nani hayupo, kisha aulize kwa nini.

Katika miaka ya karibuni daftari hilo limezua mjadala. Katika vikao vya wazazi na katika vyumba vya walimu tunasikia kwamba wasichana wamewashinda wavulana. Wapo wasemao hivyo kwa furaha, maana wanakumbuka zamani ambapo msichana wa kidato cha nne alikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wapo wasemao kwa uchungu, kana kwamba kila hatua ya binti imeibwa katika mguu wa kaka yake. Wote wanastahili kujibiwa. Lakini kwanza usemi wenyewe unastahili kuchunguzwa, kwa kuwa usemi usiochunguzwa huzaa sera mbovu na malezi mabovu.

Majibu matatu yasiyotosha

Jibu la kwanza linalotolewa ni la maumbile. Husemwa kwamba msichana ana akili ya kukariri na mvulana ana akili ya kufikiri. Ndiyo maana binti hushinda pale panapotakiwa kumbukumbu, na kijana hushinda katika hisabati na fizikia. Hili ni jibu jepesi, nalo linapendwa kwa sababu halimtaki mtu yeyote abadili chochote. Lakini maumbile ya binadamu ni yale yale Kigoma, Mbeya na Shelisheli. Katika utafiti uitwao SACMEQ wa mwaka 2007, uliopima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wasichana wa Shelisheli waliwaacha wavulana nyuma katika kusoma na hata katika hisabati, ilhali katika Tanzania wavulana ndio waliotangulia katika hisabati. Kama tofauti hiyo ingekuwa ya damu, isingegeuka kwa kuvuka bahari.

Jibu la pili ni la upendeleo. Husemwa kwamba wasichana wamejengewa mabweni, wamepewa ufadhili na kupigiwa debe, na wavulana wameachwa wajitafutie. Ni kweli kwamba ufadhili umekuwapo. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Jane Goodall katika vijiji vinavyopakana na Gombe, uliunganisha upandaji wa miti na ufadhili wa masomo kwa wasichana. Hata hivyo, ufadhili wa wasichana wa vijiji kadhaa hauwezi kueleza mwenendo wa nchi nzima. Isitoshe, upendeleo wa kwanza katika historia ya elimu yetu haukuwa wa wasichana. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha shule ya Tabora katika miaka ya 1920, iliianzisha kwa ajili ya wana wa kiume wa machifu. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914. Mvulana aliyebahatika alipanda gari moshi akaenda kusoma, na dada yake akabaki kukamua mawese. Anayelalamikia upendeleo wa leo na asiutaje ule wa jana anahesabu upande mmoja wa daftari.

Jibu la tatu ni kwamba wavulana wa siku hizi ni wavivu. Hili ndilo jibu lisilo na haki kuliko yote. Kijana anayevuta wavu tangu magharibi hadi alfajiri si mvivu. Anafanya kazi ambayo wengi wa wanaomlaumu wasingeimudu kwa usiku mmoja. Kinachotakiwa kuulizwa ni kwa nini kazi yake iko majini badala ya darasani, na ni nani anayefaidika nayo.

Tarakimu na ungo

Tuziangalie sasa tarakimu. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Taifa lilitangaza kwamba watahiniwa 1,073,402 walifaulu. Kati yao wasichana walikuwa 558,825 na wavulana 514,577. Kwa idadi, basi, wasichana waliwazidi wavulana kwa zaidi ya 44,000. Lakini Baraza lilitangaza pia asilimia: kati ya wasichana waliofanya mtihani walifaulu asilimia 78.91, na kati ya wavulana asilimia 80.41. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021, hali ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Wasichana wa shule waliofaulu walikuwa 218,174, sawa na asilimia 85.77, wavulana walikuwa 204,214, sawa na asilimia 89.

Msomaji ataona kwamba pande zote mbili za mjadala zinaweza kuzitumia tarakimu hizi. Mmoja atashika idadi na kutangaza ushindi wa wasichana. Mwingine atashika asilimia na kusema kwamba wavulana bado ndio wenye akili. Wote wawili watakuwa wamesoma nusu ya ukurasa. Tukipiga hesabu nyuma kutoka katika asilimia hizo, tunapata kwamba waliokalia mtihani wa darasa la saba mwaka 2022 walikuwa wasichana wapatao 708,000 na wavulana wapatao 640,000. Mungu hakuwaumba wavulana wachache kiasi hicho. Wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawasawa. Basi wavulana takribani 68,000 ambao wangekuwa madawatini siku ile hawakuwapo: ama hawakuandikishwa, ama walirudia madarasa, ama waliacha shule njiani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Asilimia ya ufaulu hupima wale tu waliofika kwenye mtihani. Haisemi lolote juu ya aliyeacha akiwa darasa la tano. Mama anayepepeta mchele kwa ungo hawezi kusema mchele wake ulikuwa safi tangu shambani. Ni safi kwa sababu chuya zimekwisha kutoka. Wavulana hupepetwa kabla ya mtihani, na tunadai kwamba ungo wao kwa kawaida huwatoa wale ambao darasani hawaoni faida: aliyeshindwa kusoma, aliyechapwa mara nyingi, aliyekaa dawati la nyuma. Huyo anajua kwamba nje ya shule kuna mahali patakapompokea. Anayebaki mpaka mwisho ni yule mwenye tumaini la kufaulu, na ndiye anayeipandisha asilimia ya wavulana.

Wasichana nao hupepetwa, lakini kwa ungo wa namna nyingine. Mimba na ndoa hazimwulizi binti alipata alama ngapi katika hisabati. Humwondoa hodari kama zinavyomwondoa dhaifu. Na yule msichana dhaifu ambaye hakupatwa na masaibu hayo huendelea kukaa darasani hadi siku ya mtihani, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo tunapolinganisha asilimia mbili hizi, tunalinganisha wavulana waliokwisha kuchujwa kwa uwezo na wasichana ambao hawakuchujwa hivyo. Tukiacha mtihani na kuuliza swali la haki zaidi, yaani katika watoto wote wa rika moja, ni wangapi wa kike na wangapi wa kiume waliomaliza na kufaulu, jibu liko wazi: wasichana wametangulia. Wametangulia kwa kudumu shuleni kuliko kwa wingi wa alama, na kudumu ni jambo la jamii, si la ubongo.

Ziwa na mtoto wa kiume

Ungo huo wa wavulana unaonekana vizuri katika mwambao wa Kigoma. Uvuvi wa dagaa na migebuka ni uvuvi wa usiku, unaotegemea taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Mbalamwezi inapotawala, mwanga wa taa haufai kitu na wavuvi hupumzika. Giza linaporudi, mitumbwi hutoka. Kwa hiyo mwambao wote una kalenda mbili. Iko kalenda ya Wizara yenye mihula na likizo, na iko kalenda ya mwezi yenye giza na mbalamwezi. Mwalimu wa kijiji cha ziwani akilitazama daftari lake kwa makini anaweza kuiona kalenda ya pili ndani ya ile ya kwanza, katika majina ya wavulana wa madarasa ya juu yasiyowekewa alama ya kuwapo.

Mvulana haanzi kwa kuvua. Huanza mwaloni, asubuhi kabla ya shule, kwa kupokea mitumbwi inayorudi. Hubeba taa, humwaga maji yaliyoingia chomboni, husaidia kushusha dagaa, na kwa kazi hiyo hupewa kisahani cha dagaa ambacho huwauzia akina mama wanaoanika mchangani. Hiyo ndiyo fedha yake ya kwanza, na huipata akiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Hakuna somo lolote darasani linaloweza kumlipa siku ile ile. Akikua kidogo huingizwa katika kundi la usiku. Na mwenye chombo, ambaye huenda hakuvuka darasa la nne, amejenga nyumba ya bati na anaitwa tajiri. Mvulana humwona tajiri huyo kila siku. Mhitimu wa chuo kikuu hamwoni, kwa sababu mhitimu hakai mwaloni.

Wapo wanaosema kwamba hii ni mila ya watu wa ziwani tangu enzi, na mila haiguswi. Sisi hatukubali. Kumtoa kijana wa kiume akauze nguvu zake mapema ni jambo lenye historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya ukoloni. Nchi ya Waha iligeuzwa kuwa ghala la vibarua. Kwa miongo mingi vijana wa Kasulu, Kibondo na Kigoma walisafirishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba, maana mtu alijulikana kwa namba na si kwa jina. Familia nyingi zilijifunza kumtazama mtoto wa kiume kama mkono wa kukodisha, na msichana kama mtu wa kubaki. Mashamba ya mkonge yalipopungua nguvu, jicho lile halikufumba. Lilihamia kwenye mtumbwi, kwenye pikipiki ya abiria na kwenye biashara ndogondogo za stesheni na bandarini.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Katika nchi ya Lesotho, wavulana kwa desturi walipelekwa milimani kuchunga mifugo, kisha wakaenda kuchimba madini Afrika Kusini. Dada zao walibaki nyumbani na kupelekwa shule. Matokeo yake, Lesotho imejulikana kwa muda mrefu kuwa nchi ambayo wanawake wanajua kusoma na kuandika kuliko wanaume. Hakuna aliyewapendelea wasichana wa Lesotho. Ng'ombe na migodi viliwachukua kaka zao. Kule ng'ombe walifanya kazi ambayo hapa hufanywa na dagaa.

Nyumba na mtoto wa kike

Kama ziwa linaeleza kwa nini mvulana anatoka, ni lazima tueleze pia kwa nini msichana anabaki, na kwa nini akibaki anaiweza shule. Sababu ya kwanza ni kwamba mtumbwi wa uvuvi haumchukui. Kazi ya mwanamke katika uvuvi iko nchi kavu: kununua, kuanika, kugeuza, kufungasha na kuuza. Ni kazi nzito, lakini malipo yake huenda kwa mama na si kwa binti. Kwa msichana wa mwaloni hakuna tajiri wa kike mwenye vyombo anayemwita. Wanawake anaowaona wakiwa na mshahara wao wenyewe ni mwalimu na muuguzi, na wote wawili walipita shuleni. Kaka ana vyombo vingi vya kuvukia. Dada ana kimoja tu, nacho ni cheti. Mtu mwenye chombo kimoja hukitunza.

Sababu ya pili ni malezi, na hapa inatubidi tugeukie fasihi yetu, kwa kuwa fasihi ndiyo iliyohifadhi malezi hayo. Mnamo mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Unafundisha dini, adabu, usafi na namna ya kuishi na mume. Wahakiki wengi wameusoma kama kioo cha utii wa mwanamke wa pwani, na hawakukosea. Lakini uko usomaji mwingine. Utendi ule unamchukulia binti kuwa mtu anayestahili kufundishwa kwa mpango, kwa urefu na kwa maneno ya kuhifadhiwa moyoni. Ada za namna hiyo, pamoja na mafunzo ya kungwi na somo, zimeenea katika miji ya Waswahili hadi bara. Binti huambiwa atulie, asikilize mpaka mwisho, aweke kila kitu mahali pake, akumbuke aliyoelezwa, na asiache kazi nusu. Mtu akizitoa nasaha hizo nyumbani akazipeleka darasani, atakuta kwamba ndizo sifa za mwanafunzi mwema. Jamii ilikusudia kumtengeneza mke; shule ilipofungua mlango, ikamkuta mwanafunzi tayari.

Kaka yake amelelewa vingine. Huambiwa kwamba mwanamume hakai jikoni, hafungiwi ndani na haogopi giza. Akikaa sana na daftari huchekwa na wenzake. Akikosa, fimbo humfikia upesi kuliko maneno. Kisha mtoto huyo aliyefundishwa kutotulia hupelekwa mahali ambapo sheria ya kwanza ni kutulia. Tunashangaa nini akishindwa?

Lakini tusifanye haraka kuyasifu malezi ya binti kupita kiasi. Utii uleule unaomfaa katika madarasa ya chini humgeukia katika madarasa ya juu. Hisabati na sayansi humtaka mwanafunzi aulize, apinge, ajaribu na akosee mbele ya watu. Binti aliyefundishwa kwamba sauti yake isisikike barazani ataona haya kusema kwamba hajaelewa. Aidha, muda wake si wake. Jioni kaka akiwa uwanjani au ziwani, yeye yuko kisimani, jikoni, au na mdogo wake mgongoni; anapokaa kusoma, mwili umechoka na taa inazimwa. Ikiwa bado tunaona wavulana waliobaki shuleni wakitangulia katika hisabati, sababu tunaiona pale kisimani na katika ukimya huo, wala hatuna haja ya kuitafuta katika fuvu la kichwa.

Ushahidi wa jambo hili tunaupata katika shule za bweni. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2018, shule iliyoshika nafasi ya kwanza nchini ilikuwa ya wasichana, St. Francis ya Mbeya, na kati ya shule kumi za kwanza, za wasichana zilikuwa nyingi kuliko za wavulana. Hatuna budi kukumbuka kwamba shule za namna hiyo huchagua wanafunzi wao na hutoza ada ambayo mvuvi wa Mwamgongo hawezi kuilipa. Kwa hiyo si kipimo cha watoto wote. Hata hivyo zinathibitisha jambo moja: msichana akipumzishwa ndoo na kuni, akapewa saa za jioni na ruhusa ya kusema, hakuna somo linalomkataa.

Kwa wengi wa mwambao, bweni halipo. Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi baada ya mwaka 2004 ziliileta elimu karibu, lakini karibu ya ramani si karibu ya miguu. Mtoto wa kitongoji cha mbali hupangishiwa chumba jirani na shule, katika vyumba ambavyo wanafunzi wenyewe huviita mageto, bila mzazi na mara nyingi bila chakula cha kutosha. Humo ndimo wasichana wengi hodari wanamopotelea. Kwa miaka mingi aliyepata mimba alifukuzwa na mlango ukafungwa. Waraka wa Serikali wa Novemba 2021 ndio uliomruhusu arudi katika mfumo rasmi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Anayesema wasichana wameshinda azikumbuke tarehe hizi. Zinaonyesha jinsi ushindi huo ulivyo mpya, na jinsi ulivyosimama juu ya uzi mwembamba.

Kinachohatarishwa

Huenda msomaji akauliza: kama wasichana wanasonga mbele, tatizo liko wapi? Liko katika nyumba za miaka ishirini ijayo. Tukiendelea hivi, mwambao utakuwa na wanawake wengi waliosoma na wanaume wengi walioachwa. Mwanamume aliyetolewa shuleni akiwa na miaka kumi na miwili ili alishe familia, akiona baadaye kwamba familia ile ile inamdharau kwa kutosoma, hatamlaumu mwenye mtumbwi. Atamlaumu mke wake. Kisomo cha mwanamke kitageuzwa kuwa kosa ndani ya nyumba, na binti wa kizazi kinachofuata ataambiwa kwamba kusoma sana kunaharibu ndoa. Hivyo hasara ya mvulana leo inaweza kuwa hasara ya msichana kesho.

Tazama pia jinsi taifa linavyotenda. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na ni haki iwe hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi zenye madhara. Lakini mtu akimharibia binti masomo, kijiji kizima hushtuka. Akimchukua mvulana wa darasa la sita kumlaza ziwani usiku kucha, kijiji humsifu kwa kumfundisha mtoto kazi. Kosa ni lile lile: mtu mzima ameinunua kesho ya mtoto kwa bei ya leo. Utamaduni unaoliona kosa la kwanza na usilione la pili una jicho moja.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wazaliane na wachanga wapate kukua. Ulikuwa uamuzi mgumu kwa watu wanaoishi kwa dagaa, lakini maana yake ilieleweka: anayevua vichanga leo hatakuwa na cha kuvua kesho. Hatuoni kwa nini hekima hiyo iwe ya samaki tu. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023 imeweka miaka kumi ya elimu ya lazima. Sera hiyo itabaki maandishi ikiwa mwaloni unaweza kumpokea mtoto wa miaka kumi na miwili bila mtu kuuliza.

Wajibu wetu

Kwa walimu tuna maneno machache. Daftari la mahudhurio lisomwe pamoja na mwezi. Mvulana anayekosa shule kila giza linapoingia anasema jambo, na mwalimu anayeliona mapema anaweza kulifikisha kwa kamati ya shule na kwa wenye vyombo kabla jina halijafutwa. Aliyeshindwa kusoma katika darasa la tatu afundishwe kusoma, maana huyo ndiye wa kwanza kusikia wito wa mtumbwi. Kumchapa ni kumsukuma majini. Na msichana aitwe ubaoni, aulizwe, aachwe akosee, na asiwe yeye peke yake wa kufagia darasa na kuteka maji ya walimu.

Kwa wazazi tunasema kwamba ndoo haina jinsia. Nyumba ambamo kaka na dada wanateka maji kwa zamu ni nyumba ambamo wote wawili wana saa ya kusoma. Shaaban Robert, mtunzi wetu mkuu, alitunga utenzi wa mawaidha kwa ajili ya binti yake, na mwingine kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Hakumpa mmoja mawaidha na mwingine uhuru wa kupotea. Aliona kwamba wote wawili wanahitaji kufundishwa, na akaketi kuwaandikia. Katika jambo hili wazazi wengi bado hawajamfikia: wanamhubiria binti asubuhi na jioni, na kwa kijana wa kiume wananyamaza, wakidhani kwamba dunia itamfunza. Dunia ya mwaloni humfunza kweli, ila haimpi cheti.

Na kwa wanafunzi wenyewe, hasa wavulana wa Kibirizi, Katonga, Ilagala na Mwamgongo, tunasema hivi. Kazi ya ziwa si aibu. Imewalea wazee wenu na imewanunulia hata hayo madaftari. Lakini ziwa lilikuwapo kabla yenu na litawangoja. Miaka ya shule haitawangoja. Dada zenu hawakuwashinda ninyi. Wamekaa tu katika dawati ambalo nanyi mlikuwa na haki ya kukaa, na nafasi yenu pembeni yao bado iko wazi.